Kurudi Darasani Ukiwa Kazini

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka. Tumeichapa kama ilivyosomwa, ila salamu tumezifupisha. – Mhariri)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio yangu katika elimu ya juu ya biashara. Nilimjibu kwamba mafanikio hayo bado hayajaonekana. Nimeandikishwa kusoma shahada ya pili ya uongozi wa biashara, ile inayotolewa kwa watu walio kazini, na mpaka leo nimemaliza mihula miwili kati ya minne. Katibu akasema, basi njoo hivyo hivyo ulivyo. Nami nikaona ana haki, kwa sababu mtu aliyekwisha kumaliza masomo na kuvaa joho husimulia safari yake kana kwamba njia yote ilikuwa lami. Mimi bado nimo njiani, na vumbi mnaliona.

Kwa wale wasionifahamu: nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1994. Sasa ni meneja wa uendeshaji katika kampuni ya malori yenye ua wake Morogoro. Malori yetu huchukua mizigo bandarini Dar es Salaam na kuipeleka Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Kazi hii nilianza kama karani wa stoo ya vipuri, nikihesabu mikanda ya feni na mafuta ya breki. Umeneja nimeupata kwa kupanda ngazi moja moja, wala sikuupata kwa cheti. Ndiyo maana wenzangu wengi ofisini waliuliza, sasa unakwenda kusoma nini wakati cheo tayari unacho?

Swali lao ni jema, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni kulijibu.

Kwanza niwaeleze vijana shahada hii ni kitu gani. Mafunzo ya biashara katika vyuo vikuu si ya jana. Marekani walikuwa nayo tangu karne ya 19, na Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908. Lakini wanafunzi wa shule hizo walikuwa vijana walioacha kazi, au ambao hawajawahi kuajiriwa. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha darasa la aina nyingine, la mameneja ambao hawatoki kazini, wanaosoma huku wameshika usukani. Hilo ndilo darasa la kwanza la namna hii duniani, na haya ya kwetu ni wajukuu zake. Hapa nchini mafunzo ya uongozi na fedha yalipata nguvu mwaka 1972, ulipoanzishwa ule uliokuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, ambacho sasa ni chuo kikuu, pamoja na Chuo cha Usimamizi wa Fedha Dar es Salaam. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Kitivo cha Biashara na Uongozi. Wakati ule mwanafunzi alikuwa akiandaliwa kwenda kuendesha shirika la umma. Leo katika darasa letu watu wa kampuni binafsi na watu wa serikali wanakaa benchi moja, na mabishano yao peke yake yanatosha kuwa somo.

Tuko watu wenye umri wa miaka thelathini na kitu mpaka hamsini na kitu. Yuko daktari anayesimamia hospitali, yuko mama mmoja mwenye biashara ya maziwa Tanga, wako watu wa benki (hao hawakosekani), yuko mhandisi wa maji, na yuko mchungaji anayesimamia shule za dayosisi yake. Mhadhiri wetu wa somo la fedha ni kijana. Jumamosi ya kwanza aliingia darasani, akatutazama vichwa vyenye mvi, akasema "shikamooni" kwa adabu zote. Tukaitikia marahaba kwa furaha. Wiki mbili baadaye akarudisha karatasi za jaribio. Mwenzangu mmoja alipoona alama zake alinong'ona kwamba kijana huyu anasalimia kwanza ili asilaumiwe baadaye.

Sasa juu ya gharama. Vijana mtasikia habari za ada, na kwa kweli ada ni kubwa. Yangu nusu inalipwa na mwajiri, kwa mkataba kwamba nikimaliza sitahama kwa miaka miwili, na nusu natoa mfukoni. Lakini fedha ni sehemu nyepesi ya gharama. Kila Ijumaa ya pili natoka ofisini saa kumi na moja, napanda treni kwenda Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufanya safari hizo mwezi wa Juni 2024, mwendo huo ni kama saa mbili hivi. Mtu wa Morogoro aliyezoea kushinda kwenye basi kati ya Chalinze na Kimara atanielewa nikisema kwamba bila treni ile nisingejiandikisha. Tunasoma Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka alasiri. Usiku wa manane Jumapili niko nyumbani, na Jumatatu saa moja asubuhi malori yananingoja.

Basi jaribuni kuhesabu mambo yanayofanyika Jumamosi na Jumapili katika nchi hii. Harusi, vikao vya harusi, maziko, arobaini, kipaimara, mikutano ya ukoo. Kwa mwaka mzima mimi nimekuwa mtu wa kutuma mchango kwa simu. Mchango unafika, na kamati inashukuru, lakini simu haibebi jeneza. Mjomba wangu alipofariki nilikuwa na mtihani, nikafika siku ya tatu. Hakuna aliyenilaumu. Shangazi alinipa kiti, akaniuliza kama masomo yanaendelea vizuri, kwa sauti ile ile ambayo hutumiwa kumwuliza mgeni kama njia ilikuwa salama. Mke wangu anasema tangu nianze masomo amekuwa baba na mama wa nyumba mara mbili kwa mwezi, na kwamba siku ya mahafali joho lile tutalivaa kwa zamu. Sikubishana naye.

Kwa hiyo mtu anayewaambia kwamba masomo haya yanafanywa "kwa wakati wa ziada", mwulizeni wakati huo wa ziada aliuchukua kwa nani.

Nimepata nini mpaka sasa? Nitasema mawili matatu ambayo nimeyaona yana uzito, na moja ambalo naliona ni jepesi.

La kwanza lilianzia katika shule hii hii. Sisi tuliosoma mchepuo wa biashara tulifundishwa kuandika hesabu pande mbili, kila kinachoingia kina mahali kilikotoka. Tuliikariri kanuni hiyo kama wimbo wa paredi. Hatukuambiwa kwamba aliyeiandika kwa mara ya kwanza kitabuni na kuipiga chapa ni mtawa Mwitalia, Luca Pacioli, mwaka 1494 huko Venice, wala hakuibuni yeye. Aliandika tu wanavyofanya wafanyabiashara wa mji ule. Miaka zaidi ya 500 imepita na kanuni ni ile ile. Lakini kuna jambo ambalo daftari la pande mbili halikuonyeshi usipolisoma kwa jicho jingine, nalo ni siku. Linakuonyesha kiasi cha fedha, na kusema fedha hiyo itakaa nje kwa muda gani si kazi yake.

Nitatoa mfano. Tarakimu za mwajiri wangu si zangu kuzitangaza, kwa hiyo hizi ni za kubuni, ila mwendo wake ndio mwendo wa kazi yetu. Tuseme lori linachukua siku 21 kwenda Lubumbashi, kushusha mzigo na kurudisha hati zilizogongwa mhuri. Mteja akishapokea hati na ankara analipa baada ya siku 60. Mwenye mafuta anakukopesha siku 14 tu, kisha anataka chake. Jumlisha 21 na 60, toa 14, unapata siku 67. Katika siku hizo 67 mteja hajalipa, na mwenye mafuta hangoji. Anayelisha malori ni wewe. Kama kila siku unatumia shilingi 3,000,000 kwa safari, basi una shilingi 201,000,000 ambazo zimelala barabarani kati ya Morogoro na Kasumbalesa. Mhasibu anakuonyesha faida, na faida ipo kweli. Mishahara ndiyo haipo.

Ninyi mliowahi kufanya biashara mtasema jambo hili mnalijua. Hata mimi nilikuwa nalijua, kwa maana ya kwamba nilikuwa nalihisi tumboni kila tarehe 25. Darasa limenipa namna ya kulipima, na kitu kinachopimika waweza kwenda nacho kwa mtu mkaongea. Mteja akikubali kulipa kwa siku 45 badala ya 60, katika mfano wetu shilingi 45,000,000 zinarudi nyumbani. Kama fedha hizo ulizikopa benki kwa riba ya asilimia 18, umeokoa shilingi 8,100,000 kwa mwaka bila kununua tairi hata moja. Sasa unaweza kumwendea mteja ukamwambia, lipa siku 45 nami nitakupunguzia bei kidogo, na unajua "kidogo" hiyo mwisho wake ni wapi. Zamani nilipokwenda kuomba malipo nilikwenda kama mtu anayeomba. Siku hizi nakwenda na karatasi.

La pili, ambalo ningependa vijana walichukue leo hii bila kungoja shahada, ni kwamba shilingi ya leo na shilingi ya keshokutwa ni vitu viwili. Ukiwa na shilingi 100,000 na mahali pa kuiweka kwa asilimia 12, mwakani ni 112,000 na mwaka wa pili ni 125,440. Igeuze hesabu hiyo: mtu anayekuahidi 100,000 baada ya miaka miwili amekuahidi kitu ambacho leo kina thamani isiyofika 80,000. Kaeni nayo hesabu hii bwenini usiku mmoja. Mtaona mikopo, mahari, kilimo cha miti na bei ya trekta kwa macho mengine. Walimu wa hisabati mlioko hapa mnajua kwamba si kitu zaidi ya kuzidisha na kugawanya, ya kidato cha pili. Ajabu ni kwamba nimefika umri huu nikasafiri mpaka Dar es Salaam kwenda kuisikia.

Sasa lile jepesi. Tuna somo zima la uongozi, lenye picha za ngazi, za mviringo na za vilima vya barafu. Sisemi ni upuuzi. Ila aliyewahi kuwa kiranja wa jikoni katika shule ya bweni, akagawa maharage kwa wavulana 400 siku kuni zilipokuwa mbichi, somo hilo amekwisha kulisoma, na alama zake alipewa papo hapo.

Naja kwenye jambo linalonisumbua, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niikubali barua ya Katibu.

Namna moja tunayofundishwa ni kwa visa. Ni namna iliyoenezwa na Harvard. Unapewa kurasa ishirini za habari za kampuni fulani, tarakimu zake, majina ya wakubwa wake na tatizo lao, kisha mwalimu anauliza, wewe ungefanya nini? Hairuhusiwi kujibu kwamba inategemea. Lazima uamue. Ni mazoezi mazuri sana kwa watu wa nchi ambayo kikao huweza kumalizika kwa azimio la kuitisha kikao. Katika muhula wa kwanza nimefunga viwanda viwili, nimeuza kampuni moja ya viatu, na nimepunguza wafanyakazi wengi kuliko idadi yenu ninyi wote mlio katika ukumbi huu. Yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Baada ya kila kisa tulikunywa chai.

Muhula wa pili kila mmoja wetu alitakiwa achague tatizo la mahali pake pa kazi, aandike pendekezo. Mimi nilichagua karakana yetu. Tuna karakana yenye mafundi 11, ambayo hutengeneza malori yetu yenyewe. Kwa muda mrefu imekuwapo hoja kwamba tuifunge, malori yatengenezwe kwa watu wa nje wenye mitambo ya kisasa. Nikaona hapa pana kisa cha kweli.

Nitatumia tena tarakimu za kubuni. Tuseme karakana hugharimu shilingi milioni 20 kwa mwezi: mishahara 9, vipuri 7, uchakavu wa mitambo 2, na 2 nyingine ni sehemu yake ya gharama za ua, ulinzi na ofisi. Mtu wa nje anasema atafanya kazi yote, vipuri vikiwamo, kwa milioni 17. Ukitazama haraka, kufunga kunaokoa milioni 3 kila mwezi. Ndivyo hoja ilivyokuwa ikisemwa ofisini. Lakini darasani tunafundishwa kuuliza swali moja: ukifunga, ni gharama ipi itakayoondoka kweli? Mishahara itaondoka, vipuri vitaondoka. Uchakavu hauondoki, maana mitambo ilikwisha nunuliwa zamani, na kuiandika uchakavu ni kugawa fedha iliyokwisha tumika. Gharama za ua haziondoki, kwa sababu mlinzi atalinda ua ule ule. Kwa hiyo kinachookolewa ni milioni 16, na kinacholipwa ni 17. Kufunga ni hasara ya milioni moja kwa mwezi.

Nilipofika hapo nilifurahi kama mtoto. Nilimpigia simu mwenzangu wa kundi, yule mama wa maziwa, nikamsomea hesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, na kile kiwanja cha karakana, ukifunga si mtakipangisha?" Tuseme kinapangishwa kwa milioni 3. Basi 17 toa 3 ni 14, na 14 ni ndogo kuliko 16. Kufunga kumekuwa na faida ya milioni mbili.

Mmeona, ndugu zangu? Ni hesabu ile ile na kalamu ile ile. Mtu anayetaka karakana ibaki atasimama kwenye mstari wa kwanza na kuonyesha kwamba sayansi iko upande wake. Mtu anayetaka ifungwe atasimama kwenye mstari wa pili. Wote wawili watakuwa wamesoma. Jambo la kufahamu ni nani aliyeamua kuacha kuhesabu, na aliacha kwenye mstari gani.

Kuna mstari mwingine ambao haumo katika vitabu vyetu, kwa kuwa vingi vimeandikwa ng'ambo. Niliutafuta katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kuamua. Kisha kuna kiinua mgongo. Kiwango cha chini ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Fundi wetu mkuu amefanya kazi hapo miaka 26. Kwa kiwango hicho, ukiacha notisi, likizo na mafao yake ya hifadhi ya jamii, anayo haki ya mshahara wa siku 70. Ile miaka 16 mingine haina safu. Kwa hesabu ya mwenye kampuni, mafundi wa zamani ni rahisi kuachishwa kuliko anavyodhani, na mimi ndiye niliyeligundua jambo hilo, kwa sababu ya bidii ya masomo. Liko ukurasa wa tisa wa kazi yangu.

Fundi mkuu huyo alisoma mpaka darasa la saba. Nilipoanza kukusanya habari nilimwendea, nikamwuliza, "Mzee, kuna kumbukumbu yoyote ya lori linaingia karakana lini na linatoka lini?" Ofisini hatuna, tuna risiti tu. Akaniambia nisubiri. Akaenda kwenye kabati lake la spana, akarudi na madaftari ya shule, yale ya kurasa 96, yamefungwa kwa uzi wa katani. Kila lori lina daftari lake. Tarehe ya kuingia, namba, ubovu, nani kashika kazi, tarehe ya kutoka. Pale lilipopelekwa nje, kaandika "NJE" kwa wino mwekundu, na siku lililorudi. Hakuna aliyemwagiza. Alisema alichoka kubishana na madereva wanaodai walirudishiwa lori bovu.

Nimekuwa nikiyanakili madaftari hayo usiku, baada ya watoto kulala. Nimefika mwaka 2019. Ni bora kuliko kisa chochote nilichopewa chuoni, na yanasema mambo ambayo hayampendezi mtu yeyote. Kwa breki, springi, tairi na umeme mdogo, karakana yetu humaliza kazi upesi kuliko watu wa nje, aghalabu kwa nusu ya siku zao, na lori lililosimama halileti shilingi. Hapo mzee yuko juu. Lakini kwa injini na giaboksi, hasa za malori mapya yenye vifaa vya elektroniki, yale ya wino mwekundu yalirudi yamepona, na yaliyobaki kwetu yaliingia mara mbili, mara tatu. Yameandikwa hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba jibu si kufunga wala si kuacha kama ilivyo. Jibu, kwa kadiri ninavyoliona sasa, ni kubakiza sehemu na kutoa sehemu, na mafundi wa injini ni wanne kati ya wale 11. Mmoja wao ni mtoto wa mtu niliyesoma naye hapa, ingawa baba yake hayupo ukumbini leo. Ninaangalia pia kama wawili wanaweza kupelekwa mafunzo ya malori mapya, katika VETA au kwa wauzaji wenyewe wa magari, na itagharimu kiasi gani. Hiyo nayo ni hesabu, na lazima iandikwe kwa haki ile ile, isije ikawa nimeitia chumvi kwa sababu naipenda.

Kwa hiyo wale walioniuliza unakwenda kusoma nini wakati cheo unacho, jibu langu la nusu ya safari ni hili. Kabla sijasoma, neno langu juu ya karakana lilikuwa maoni ya meneja, na maoni hubishiwa. Sasa litakuwa karatasi yenye majedwali, na karatasi yenye majedwali watu huiogopa kuibishia hata inapostahili. Ndiyo maana nawashauri vijana msiende kusoma shahada hii mara tu mkitoka chuo cha kwanza, hata kama kuna chuo kitakachowapokea. Fanyeni kazi kwanza miaka kadhaa, mahali ambapo mnawajua watu kwa majina na mnajua nani ana mtoto kidato cha ngapi. Darasa litawafundisha kuamua kwa haraka. Jumatatu asubuhi haimo kwenye mtaala.

Kazi yangu natakiwa niikabidhi mwisho wa mwezi ujao. Sura ya mapendekezo bado haijaandikwa. Mhadhiri ameiona rasimu na amesema ni nzuri. Mkurugenzi wa kampuni amesikia kwamba ipo na ameomba nakala. Fundi mkuu naye aliponipa daftari la mwisho alinipa sharti. Alisema, "Meneja, ukishamaliza kuandika unisomee kwanza, maana najua utaandika kwa Kiingereza." Nimemkubalia. Tumepanga Jumamosi ile ambayo sina darasa, chini ya mwembe nyuma ya stoo, nami nitaitafsiri yote, pamoja na ukurasa wa tisa.

Ndugu Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari, ila treni yangu ni ya saa kumi na mbili.